Kakakuona Kwenye Chupa Safi

Jumatatu, 9 Juni. Itigi.

Lambo la tatu leo. Maji mazito kama uji. Chujio limeziba, nimesukuma bomba mpaka kitambi kikaomba likizo. Mnyama akinywa huacha vinasaba vyake majini. Sisi tunachuja, maabara inamtaja. Akipatikana kakakuona, mnyama anayelindwa na sheria, pori hili halitafyekwa kupisha shamba kubwa. Mama Elia, mwenyeji wetu, mizinga yake yote ya nyuki imo humo. Ananiita Mwalimu wa Matope. Cheo ni cheo.

Alhamisi, 17 Julai. Singida mjini.

Majibu. Kakakuona yumo, malambo yote matatu. Nimecheza peke yangu ofisini, mlinzi akachungulia. Nikampigia Mama Elia. Akalia.

Ijumaa, 18 Julai.

Leo ndiyo nimesoma ukurasa wa mwisho wa majibu. Ningeanza nao. Kakakuona yumo pia kwenye chupa ya uhakiki. Yale ni maji safi tuliyotoka nayo mjini, tukayachuja palepale lamboni kwa vifaa vilevile, ili tujue kama vifaa vyenyewe ni safi. Hayakupaswa kuwa na mnyama yeyote.

Sijala.

Jumapili, 20 Julai.

Nimekwenda kwa Mama Elia kumuuliza nani aligusa vifaa. Hakuficha. Asubuhi ile, kabla hatujatoka, alilirowesha gamba la kakakuona, urithi wa babu yake, akanyunyizia maji yale kwenye bomba na boksi la chupa. Kwao ni baraka. "Nilikuombea heri, baba. Ulivyokuwa unahema kwa kushusha mizigo tu, nikasema huyu bila msaada lambo la pili halifiki."

Tulicheka. Kisha nikamweleza. Uso ule sitaki kuukumbuka.

Jumatano, 23 Julai.

Mkuu wa utafiti anataka chupa ya uhakiki isitajwe. "Kaka, nani atauliza?" Ripoti naiandika mimi. Mwongozo uko wazi: majibu ya chupa hiyo yaandikwe pamoja na mengine, na mnyama aliyeonekana humo tusidai tumempata. Pengine kakakuona yupo kweli porini. Sijui. Nimeomba tukachuje upya. Fedha zimekwisha, na malambo yamekauka.

Nimeandika yote. Kwamba vifaa vilinyunyiziwa maji yenye vinasaba vya kakakuona, kabla ya kazi. Jina la mama sikuliweka. Gamba lile lingemfikisha jela. Nikatuma, kisha nikazima simu mkuu asinipate. Shujaa gani huyo.

Jumanne, 9 Septemba. Itigi.

Matingatinga yameingia porini. Nimekwenda kumsaidia Mama Elia kushusha mizinga. Aliyekwea mti ni Elia, mwanawe. Mimi nilipewa kamba, mama akisema tawi lile halijanikosea chochote. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Mingi ilikuwa mitupu, moshi na kelele vimewafukuza. Mmoja ulikuwa bado na nyuki. Tuliuziba mdomo kwa kipande cha khanga yake, tukaubeba taratibu hadi nyumbani, tukiwasikia ndani.