Ami Amesamehe, Mkono Haujapona

Mpendwa Bi Mwamvua, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Jumatatu, na uniwie radhi barua hii ameiandika dada yangu Shadya, mimi nasema yeye anaandika, kwa kuwa mkono wangu wa kulia haushiki kalamu.

Mimi ni mpaka hina wa Mkunazini, kazi hii nimeifanya miaka kumi na mitano, na miezi mitatu iliyopita nilikwenda Uroa kumpaka bibi harusi, navuka barabara na kikapu changu cha hina na piko nyeusi ya kuchorea, gari la hoteli likanigonga, nikauangukia mkono, mfupa wa kifundo ukavunjika mahali pawili, na dereva, kijana anaitwa Haitham, sitaki kumdhulumu, hakukimbia, alinipeleka mwenyewe hospitali, akapiga simu kwetu, na polisi walipoandika kuwa kosa ni lake hakukana. Basi nikiwa bado nimelazwa, wazee wake wakaja nyumbani kuomba radhi kama ada yetu ilivyo, na sinia la pilau na doti mbili za kanga, wakakaa barazani na ami yangu Mjaka, ambaye ndiye aliyenilea, na ami akasema kile ambacho mzee yeyote wa Unguja angekisema: "Tushasamehe. Ajali haina kinga." Kumbe wamefuatana na mtu wa kampuni ya bima ya lile gari, akatoa karatasi, akasema ni ya kushuhudia suluhu tu, na ami akatia saini, naye bila miwani haoni maandishi, na miwani ilikuwa ndani.

Sasa kila nikienda kampuni naambiwa gharama za hospitali wameshalipa, mzee wenu kasamehe, karatasi ipo, mambo yamekwisha, ila kwa huruma yao wataniongeza kidogo, na Jumatatu yule mtu wao atakuja nyumbani nitie dole gumba kuthibitisha. Na daktari anasema nahitaji operesheni nyengine na mazoezi ya muda mrefu, la sivyo vidole havitarudi kama vilivyokuwa. Shadya anataka tutafute wakili, ami anasema nikienda kwa wakili nitakuwa nimemfanya yeye mwongo mbele za watu, na majirani wameshaanza kusema Biasha anataka kuufanya mkono wake duka. Naogopa kumvunjia ami heshima, naogopa mahakama, lakini zaidi ya yote naogopa kubaki na vidole visivyoweza kuchora hata ua moja. Nitie dole, au nisitie?

Biasha, Mkunazini

*

Marahaba mwanangu Biasha, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisikitika, mara ya pili nikacheka, maana umeshinda na mwenyewe hujui.

Hebu nijibu. Kama saini ya ami yako ingetosha, huyo bwana anafuata nini Mkunazini siku ya Jumatatu na wino wake? Mwenye karatasi iliyokamilika hamfuati mtu nyumbani. Anakuja kwa sababu anajua mkono ni wako, wewe ni mtu mzima, na hukumtuma yeyote akutilie saini. Basi usitie. Mpe chai, mpe na kaimati, dole usimpe.

Tuje kwa ami yako. Mzee hakukosea kusamehe. Kasamehe kama mtu aliyelelewa akaleleka, na msamaha ule ubaki palepale. Lakini aliyesamehewa ni Haitham. Kampuni ya bima haikuomba radhi, wala haikuleta hata punje ya mchele. Imepokea fedha za mwenye gari kila mwaka kwa ajili ya siku kama hii, na kulipa ndiyo kazi yake. Ukiidai haki yako humfanyi ami mwongo. Kosa lake ni moja tu, kutia saini asichokisoma, na hilo mwambie kwa adabu, umwambie na miwani akae nayo mfukoni. Na wewe usijifanye huna lako. Miezi mitatu unazungushwa na hujamuuliza mtu anayejua sheria, ulikuwa unasubiri nini?

Wapo watakaokwambia bila wakili huendi popote. Mimi simo. Gari likikukwaruzia mlango, nenda mwenyewe na karatasi ya polisi na risiti ya fundi, utamaliza kabla ya adhuhuri. Lakini wewe umevunjika mfupa, daktari hajamaliza nawe, na pana saini inayogombaniwa. Hapo usiende peke yako. Kesho asubuhi nenda kwenye kituo cha msaada wa kisheria ukaeleze yote. Ukichukua wakili, malipo yake yaandikwe kabla hajafungua faili. Anayekwambia "tutaelewana mbele" muage palepale. Beba maandishi ya daktari, na usikubali kumaliza madai mpaka aseme mkono utafika wapi. Watakuuliza unachuma nini, nawe huna risiti hata moja. Unao mabibi harusi. Wakusanye, na picha za mikono yao.

Na hao majirani wamesema kweli bila ya kukusudia. Mkono wako ni duka, na ndilo lililokulisha miaka kumi na mitano. Limevunjwa, basi bima ilipe.

*

Barua nyengine ya Biasha, miezi minane baadaye

Bi Mwamvua, shikamoo tena. Yule bwana alikuja Jumatatu, akanywa chai, akala kaimati saba, akaondoka na wino wake.

Tulipata wakili, Bi Nadra, na daktari aliposema tayari tukaenda kikao na kampuni. Walipouliza kazi yangu inathibitishwa na nini, waliingia mabibi harusi kumi na wanne na mama zao, viti havikutosha, na mama mmoja wa Makunduchi akawauliza, "Wake zenu walikuja kwenu bila ya hina?" Kisha ami akavaa miwani, akaomba ile karatasi, akaisoma yote kwa sauti, akaiweka mezani. "Mie nlimsamehe kijana," akasema. "Haya mengine sikuyasema." Sijapata kumwonea fahari mzee wangu kama siku ile.

Wamelipa bila ya kufika mahakamani: operesheni, mazoezi na miezi yote niliyokaa bila kazi.

Jumamosi alikuja dada yake Haitham. Anaolewa, na mama yao aliniuliza kwa haya kama nitakubali kumpaka. Nilikubali. Ua la kwanza lilitetemeka kidogo kiganjani, la pili likatulia, na kufika la kumi nilikuwa nshasahau kama niliwahi kuvunjika. Walikuja na sinia la pilau tena. Nikawaambia pilau tutakula pamoja, lakini hina bei yake ni ileile ya mabibi harusi wote.

Shadya amekaa pembeni yangu hana la kufanya. Barua hii nimeiandika mwenyewe, kwa mkono wa kulia.