Kilicholegeza Uji wa Mama

Mpendwa dada Atieno,

Habari za Nakuru? Huku Kisumu mvua imenyesha tangu asubuhi, na sasa upepo wa ziwani umetulia. Niko Mamboleo kwa shangazi, nimekaa karibu na kitanda cha Mama. Tangu atoke hospitali alikuwa hali kitu. Uji mwepesi haukumpa nguvu, na ule mzito ulimshinda kumeza.

Leo nilijaribu jambo ninalowafundisha wanafunzi wangu wa biolojia. Uji mzito ulipopoa kidogo, nilitia kijiko cha unga wa wimbi lililooteshwa na kukaushwa, nikakoroga. Ukalegea mbele ya macho yetu, nikauchemsha tena. Mama akaunusa.

"Umeweka dawa gani hapa, nyathina, mwanangu?"

"Si dawa, Mama. Wimbi likiota linatengeneza kitu kinachokatakata wanga. Kinaitwa amilesi."

"Hilo ni jina la nani?"

"Limetoka kwenye neno la Kigiriki la wanga. Wagiriki wa kale walipata wanga kwa kuloweka nafaka bila kuipitisha kwenye jiwe la kusagia, basi wakauita 'kisichosagwa'."

Alifumba macho, nikadhani amesinzia. Kisha akasema polepole, "Basi ni kama mimi. Ugonjwa umeniloweka tu, haujanisaga."

Shangazi alicheka mpaka akaketi sakafuni. Mama akamaliza kikombe chote, akaomba kingine.

Wabusu watoto kwa niaba yetu, na leo ulale usingizi.

Dada yako,
Akinyi