Barua ya Ukurasa wa 143

Jumatatu, 6 Januari

Chai ya rangi, mkate wa juzi. Magoti yaniuma. Nimesahihisha kurasa arobaini za kitabu cha maisha ya Mheshimiwa. Kazi yangu ni nukta na mkato, basi. Ukweli na uongo ni shauri la mwandishi. Tsuma anaandika vizuri, ila neno "hakika" analimwaga kama sukari kwenye chai ya wageni. Nimefuta kumi na moja.

Amewataja madereva, wapishi, hata mbwa wa Mheshimiwa. Mpiga chapa wake wa ofisi ya Kisauni, yule wa taipu, hakumtaja. Afadhali. Mpiga chapa huyo ni mimi.

Jumatano, 8 Januari

Malori ya mawe yanapita tangu alfajiri, yanatoka machimboni Mwakirunge. Vumbi jeupe mezani, juu ya kurasa. Nimepangusa mara tatu. Larudi. Zaidi ya miaka ishirini sasa, sina raha na vumbi hilo.

Alhamisi, 9 Januari

Tsuma amepiga simu. Mchapishaji wa Nairobi amejitoa, aogopa kesi. Sasa kitabu kimechukuliwa na Faraji, mwana wa marehemu Mheshimiwa, ambaye anakitaka kiti cha babake. Kitachapwa Changamwe. Lakini sura ya tisa ibadilishwe.

Tsuma alikuwa ameandika kwamba Charo Kombe, msemaji wa wachimba mawe wa Mwakirunge, aliingia ofisini kwa Mheshimiwa kuuliza habari za ardhi yao, na hakuonekana tena. Faraji amefukua barua kwenye faili za babake. Ati Charo alimwandikia mamake. Anataka ichapwe yote, watu wafunge midomo. Tsuma amekubali. Mwoga mkubwa.

Nani mimi kumwita mtu mwoga.

Jumamosi, 11 Januari

Sura ya tisa imeletwa. Ukurasa wa 143.

"Mama mpendwa, nakusalimu sana. Mimi ni mzima. Nimekwenda Tanga kutafuta maisha. Usinitafute. Mwanao, Charo."

Nimeufunika ukurasa.

Humu hasomi mtu, basi na niandike. Barua ile niliipiga chapa mimi. Mheshimiwa alisimama nyuma ya kiti changu akitaja maneno. Hakujua mtoto huanzaje barua kwa mamake. Akaniuliza. "Mama mpendwa, nakusalimu sana" ni maneno yangu. Nilijiona hodari. Nakala ya pili nikaitia kwenye faili kwa mkono wangu, ndiyo hiyo aliyoikuta Faraji.

Siku tatu kabla ya hapo Charo alikuwa amekaa kwenye benchi, mbele ya meza yangu, vumbi la mawe kwenye nyusi. Aliomba maji, nikampa. Akaitwa ndani. Mimi nikatumwa posta. Niliporudi hakuwapo ndani wala kwenye benchi. Sikujua kitu. Sikuuliza kitu. Nilijua.

Jumatatu, 13 Januari

Nimemwona Charo. Jana kanisani, benchi la mbele, kisogo chake kabisa. Akageuka, kumbe ni mzee wa kanisa. Leo nimesikia taipu jikoni. Ni mfereji unaodondoka. Nimeukaza. Sauti haikukoma.

Jumatano, 15 Januari

Nimejitia kununua mchicha nisiouhitaji. Muuza mboga wangu anatoka Mwakirunge. Nikamuuliza habari za mama yake Charo, kama mtu anayepitisha wakati tu.

Yu hai. Watu wote wamwita Hawe Dama, yaani nyanya. Barua ilisomwa mbele ya wazee wa ukoo, nao wakakataa kuweka matanga. Nani amliliaye mtu aliye hai? Mke wa Charo akangoja, akachoka, akaolewa. Mpaka leo wapo wasemao Charo aliwauza wenzake akatoroka. Na yule mama humwota mwanawe akiomba maji. Miaka yote hiyo, ndoto ni hiyo hiyo.

Mficha uchi hazai. Mimi nimeficha, na aliyekosa mwana ni mwingine.

Ijumaa, 17 Januari

Nimefanya.

Kule Changamwe kurasa hupangwa na Musyoka, mtu wa Kitui, mtulivu, miwani imefungwa kwa uzi. Huniita mathe, yaani mama. Aliwahi kuniambia, "Mathe, ukiandika na nyekundu mimi naweka. Sisomi. Nikianza kusoma sitamaliza kazi." Neno langu jekundu huingia kama lilivyo, na nikishatia sahihi hakuna mwingine anayetazama.

Basi chini ya barua, ukingoni, kwa wino mwekundu: "Barua hii hakuiandika Charo. Iliandikwa ofisini kwa Mheshimiwa, siku tatu baada ya Charo kuingia humo na kutoonekana tena. Niliyeipiga chapa ni mimi, Raheli."

Nimetia sahihi, nikatafuta nauli. Kurasa nimezipeleka mwenyewe. Musyoka akapokea, akaweka juu ya rundo, akauliza hali ya magoti.

Jumatatu, 3 Februari

Vimechapwa. Tsuma ameniambia hakufungua hata kimoja, kitabu chake hataki hata kukitazama. Bado naweza kupiga simu niseme kuna kosa, msivitoe. Simu iko hapa mezani. Naogopa. Wale waliomsaidia Mheshimiwa hawajafa wote.

Sikupiga.

Jumamosi, 15 Februari

Uzinduzi, hoteli moja Shanzu. Vitambaa vyeupe, juisi ya ukwaju, askofu, waandishi wa habari. Nilikaa nyuma karibu na mlango.

Faraji aliinua kitabu. Akasema leo wanaomtukana babake watapata jibu. Akamwambia Tsuma asome barua ya ukurasa wa 143.

Tsuma akasoma. Akafika "Mwanao, Charo." Macho yakashuka mstari uliofuata. Nikamwona akisita. Angeweza kufunga kitabu. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa. Akasoma sentensi zangu zote tatu za aibu, moja baada ya nyingine, polepole, mpaka jina langu.

Zogo likazuka. Faraji alimpokonya kitabu. Nilitoka kwa mlango wa jikoni, nikatembea juani mpaka viatu vikanikata.

Nilimwita Tsuma mwoga. Neno hilo nimelifuta.

Jumatatu, 17 Februari

Vitabu vyote vimekusanywa. Magazeti yamesema "hitilafu ya uchapaji". Hitilafu! Musyoka amefutwa kazi. Nilimpigia kumwomba radhi. Nilisema nilimtumia kwa kuwa hasomi, na kwamba sitajisamehe.

Akasema, "Mathe, hiyo moja nilisoma."

Nimelia kama mtoto.

Alhamisi, 20 Februari

Simu kutoka namba nisiyoijua. Mtu anapumua tu. Mara tatu. Ya tatu nikamwambia kama ana neno aseme, kama hana anunue dawa ya pumu. Kisha nikafunga milango yote na mchana ni mweupe.

Jioni nimenunua karanga pale stendi. Zimefungwa kwa karatasi ninayoijua. Ukurasa wa 61, "hakika" moja iliyonipita. Nikamuuliza muuzaji ameipata wapi. Kuna lori limemwaga vitabu jaani Mwakirunge, akasema, karatasi nzuri, safi. Waokotaji wamejibebea magunia kwa magunia.

Mwakirunge! Majaa yote haya ya Mombasa, wakaenda kuvitupa mlangoni kwa mama yake Charo. La kuvunda halina ubani.

Jumanne, 25 Februari

Hodi saa nne asubuhi. Nilishika mchi kabla ya kufungua. Mwanamume wa makamo, kofia mkononi, nyusi zile zile. Nikadhani ndiye.

Ni Ngala, mdogo wake Charo. Alikuwa na kitabu, jalada limechanika, kinanuka jaa. Mwokotaji mmoja anayejua kusoma aliliona jina la Charo akawapelekea. Ngala hakukaa wala hakunywa chai. Alisema wazee wamekutana tena. Kwamba mamake ananiita. Akanipa siku, akaondoka.

Jumamosi, 8 Machi

Matanga ya Charo.

Hawe Dama amekuwa mdogo, mwepesi. Nilimwamkia shikamoo. Akafungua mfuko wa plastiki akatoa barua, imechakaa kwenye mikunjo, akanipa niisome. Nikasoma maneno mawili ya mwanzo. Akaniwekea mkono juu ya karatasi. Charo hakumwita "Mama mpendwa" hata siku moja, akasema, na hapo ndipo alipojua barua si yake. Walioamini ni wanaume.

Maneno yangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Hakuniuliza habari za Mheshimiwa wala mwanawe. Aliuliza neno moja. Siku ile, Charo alipewa maji?

Nikamwambia aliomba, nikampa glasi kubwa. Akamaliza. Nikamwongeza ya pili, akaimaliza nayo. Akasema ahsante dada.

"Basi alikunywa," akasema.

Akawageukia wanawake mkekani, akaanza kulia, nao wakamwitikia. Hakusema amenisamehe. Sikumwomba. Nilisimama pale sijui niende wapi, mpaka mmoja wao akanisogezea mbuzi ya kukunia na nazi. Nimekuna nazi sita. Zikaletwa nne nyingine, nikakuna nazo.