Nani Atamwambia Baba Chai Iko Tayari?

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla ya yote nawatangazia wasomaji wako, waliosimama wakae, kwamba Jumanne iliyopita hapa kwetu Mbagala chai ilipoa mezani mpaka ikaota utando, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwambia mume wangu iko tayari.

Utasema si ningemwambia mwenyewe. Ndiyo ishu yenyewe hiyo. Mie na Baba Muntasir hatujagombana wala hatujanuniana, ila tangu watoto walipojua kusema tulikuwaga tunawatuma wao, "Huda, kamwambie baba yako maji ya kuoga tayari," "Muntasir, kamuulize mama yako kanzu yangu iko wapi," na mwenyewe yupo hapohapo anasikia lakini anasubiri aletewe, tukazoea, miaka ikaenda, Huda akaolewa, Muntasir akahamia Kimara, tukabaki na Shaima, kitindamimba, maneno yote ya nyumba yakawa yanapita kwake, na sasa Shaima naye kapata kazi ya uuguzi kwenye zahanati moja huko Chanika, kapanga na chumba, Jumatatu anatakiwa aripoti.

Jumanne alikwenda kukisafisha hicho chumba, ndiyo siku ya chai. Nikampigia Muntasir, mwambie baba yako chai inapoa, naye akampigia, simu ya mzee ikalia sebuleni, nikamsikia anajibu, "Mwambie mama yako nakuja." Muntasir akanipigia tena: "Mama, anasema anakuja. Ila samahani, mie niko kazini, hivi nyie si mko nyumba moja?"

Nikaona hapana. Shaima aliporudi nikajilaza kwenye kochi nikasema presha imepanda. Mtoto kanipima, kasema haijapanda, nikamwambia kipimo chako kibovu. Basi sasa anataka kuwapigia zahanati awaambie haendi tena. Roho inaniuma, lakini akiondoka nitabaki na yule mzee nimwambie nini? Nifanyeje?

Mama Muntasir, Mbagala

Mama Muntasir, pole. Nyumba ikiishiwa watoto, hata friji likinguruma mtu anashtuka. Pole nimeshakupa, sasa nisikilize.

Katika watu wote wa kuwadanganya kwamba unaumwa, umemchagua muuguzi! Umemlea binti, kasoma, kaajiriwa, halafu unataka abaki kwako kutoa chai jikoni kuipeleka sebuleni kwa mdomo?

Leo hii, kabla hajapiga hiyo simu, mwambie huumwi. Atakasirika. Mwache akasirike huku anafunga begi, ndicho tunachotaka. Na usimwambie "nenda tu mwanangu, mie nitajua" kwa ile sauti. Unaijua ile sauti. Mfungashie masufuria mawili na kikaango, umsindikize mpaka kituoni, urudi.

Ukirudi, kuna mzee. Usimwanzie mazungumzo mazito ya ndoa, mtatishana bure. Simama alipo, mwangalie, sema: "Baba Muntasir, chai." Basi. Atageuka kuangalia nani kaingia. Mvumilie, naye hajazoea. Asipojibu, usiguse simu, rudia. Akimgeukia paka akasema "mwambie mama nakuja," mfukuze paka. Kesho yake muulize shughuli zake zilikwendaje, na ukae usikilize jibu lote, hata likiwa refu na halina maana.

Mwanzoni mlikuwa na mshenga, sawa, ndiyo desturi. Lakini mshenga alikula pilau akaenda zake kwao, mkabaki wawili chumbani, na mlizungumza, maana hao watoto watatu hawakuletwa na upepo. Yule kijana uliyemkubali bado yumo humo sebuleni, naye huenda anaogopa kuondoka kwa Shaima kuliko wewe.

Anza siku yoyote. Jumapili jioni tu ndiyo uache, kuna mpira.