Ng'ombe Watano wa Mjomba

Mjukuu wangu Yona,

Marahaba. Naona haya kuamkiwa na mtu niliyemzidi miaka minne tu, lakini ukoo umetupanga hivyo. Baba hajambo, na Msalato mvua imeanza kunyesha.

Umeuliza kwa nini ng'ombe wa udongo niliokufinyangia hawana alama masikioni. Barua hii anakuletea baba yako mwenyewe, ukishaisoma, ichome.

Mwaka jana, kabla sijamaliza shule, mwalimu alituagiza kila mmoja afinyange zizi la kwao, Bwana Mkubwa Mjerumani aje kutazama. Nilitaka kazi yangu iwe ya kweli. Kwa mwiba nikawachana masikio ng'ombe wote, kila mmoja kwa alama halisi ya mwenye mali.

Askari mmoja, Mgogo mwenzetu, alitangulia kukagua. Akainama.

"We binti, hawa watano si wa baba yako. Hii ni alama ya mjomba wako aliyetoroka kazi ya reli."

Ng'ombe hao tulikuwa tumewaficha kati ya wetu, wasichukuliwe na Wajerumani kwa kosa lake.

"Udongo bado mbichi," akasema, akanipa mgongo.

Nikalowesha kidole, nikazifuta alama zote masikioni.

Bwana Mkubwa alipofika akauliza mbona hawana alama.

"Mtoto wa kike huyu, Bwana," askari akajibu. "Atajulia wapi ng'ombe?"

Wenzangu wakacheka. Mimi ninayemjua kila ng'ombe na mama yake nikainamisha kichwa, na tangu hapo sijachana tena sikio la ng'ombe wa udongo. Watano wale bado tunao, ila askari yule akipita njia yetu, siwezi kutulia mpaka apotee machoni.

Bibi yako,
Maria