Hodi Ndani ya Injini

Rashidiya, Dubai
Jumatano

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti liwe limekupa nafasi ya kupumua. Mimi sijambo, jua tu ndilo linanikaanga. Uliponiambia kwenye simu kwamba Baba ametulia tangu mumwondolee kile kijiko alichokuwa akigongea chuma cha kitanda, nilifurahi. Sasa sifurahi tena, ndiyo maana naandika. Haya si ya kusemea kwenye simu.

Lile gari la arbab, yaani bosi wangu, nililokuhadithia ni la zamani, hata Babu alikuwa hajazaliwa. Vipuri vyake haviuzwi popote, tunavibuni wenyewe. Nachora pistoni na konrodi, ule mkono wa chuma unaoishika pistoni ikipanda na kushuka, nakereza, tunajaribu, zinavunjika, naanza upya. Kila konrodi naitundika kwa uzi na kuigonga kama Baba alivyonifundisha kwenye gereji yetu Tanga: tatu za haraka, kimya, moja ya kusikilizia. Chuma kizima huimba, chenye ufa hukohoa. Hizi za mwisho ziliimba zote.

Jana mchana injini ilikuwa imeshafungwa, haijawashwa hata mara moja, ya baridi kabisa. Mara ndani yake pakagongwa. Tatu za haraka, kimya, moja. Nikajiambia masikio yamechoka. Pakagongwa tena. Njoroge, yule Mkenya ninayefanya naye kazi, akaweka chai yake chini taratibu.

"Buda, hiyo injini iko na mtu ndani."

Mama, mimi si mtu wa kuamini mambo haya, unanijua kwa ubishi. Lakini mwili ulinisisimka. Hatujasemezana zaidi, arbab akaingia, akavuta kiti, akainamisha sikio karibu na injini ili asikie itakavyonguruma. Akasema yalla, haya, washa. Nikakataa, nikasema naifungua kwanza. Akaniambia kwa sauti ya upole kwamba nikifungua nisikute kitu, khalas, kazi imeisha, narudi kwetu. Nilifungua boliti moja baada ya nyingine.

Konrodi ya pili, ileile niliyoisikia ikiimba juzi, nikaitundika na kuigonga. Ikakohoa. Ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ingekatika na kutoboa injini palepale alipoweka sikio. Arbab akasogeza kiti nyuma mwenyewe, akaniuliza nani kaniambia.

"Baba yangu."

Akauliza yuko wapi. Nikasema yuko Tanga kitandani, kiharusi kimemchukua ulimi. Akainuka, akaenda zake.

Nisalimie dada anayekusomea hii, asisite kufika mwisho. Msalimie shangazi na vituko vyake, na mjomba wa Muheza mwambie redio yake naikumbuka.

Leo alfajiri pamegongwa tena. Si kwenye injini, kwenye chuma cha kitanda changu. Tatu za haraka, kimya, moja.

Mama, Baba hajatulia. Mrudishie kijiko chake.

Mwanao akupendaye,
Athumani