Rangi Iliyokataa Kushika

Albert Park, Durban

Kwa Dada yangu Furaha,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe uliyenibeba mgongoni kabla sijajua kutembea. Goti linaendeleaje? Watoto wanasoma? Na lile paa la jikoni, limeshatengenezwa au bado mnahamisha sufuria kila mvua ikinyesha Kalemie? Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni utayasoma humu, na nakuomba ukae chini kwanza.

Naandika kwenye karatasi, halafu nitaipiga picha nikutumie, kwa sababu nikikupigia simu najua nitadanganya tena. Sauti yako inanitisha tangu utotoni.

Nilikwambia gereji yetu imeletewa gari la zamani la Kimarekani, lile la milango miwili lenye boneti ndefu na injini inayonguruma. Mwenyewe ni mzee wa kizungu wa Morningside. Alilirithi kwa kaka yake, na lilikaa bandani miaka mingi hadi kutu ikala sakafu na sehemu ya chini ya milango. Kazi ya bati aliifanya mumeo, shemeji Bahati. Alikata kutu yote, akachomelea bati jipya, akapaka puti ya kuziba mabonde, akapiga msasa wa maji wiki nane. Alikuwa anafumba macho na kupitisha kiganja ubavuni mwa gari, na kila kilipokwama palikuwa na bonde ambalo mimi sikuliona hata kwa taa. Watu waliacha kazi zao kumtazama. Mimi kazi yangu ni kupuliza rangi, na kujisifu, unanijua.

Basi siku ya rangi ikafika, nyekundu iliyoiva. Nikavaa barakoa, nikashika pistole ya rangi, nikaanza kupuliza. Rangi ikakimbia. Kila mahali iliacha vishimo vidogo vya mviringo, kama maji ukiyamwaga kwenye sahani yenye mafuta. Tukaisugua yote tukaanza upya, na mara ya pili ikawa vilevile. Bosi ni Mhindi wa hapahapa, si mtu mbaya ila ni mwepesi wa hasira. Akatuita, akasema kuna mafuta yanaingia kwenye kazi, na rangi ikigoma tena mmoja wetu ataondoka.

Dada, niliogopa. Nikaanza kumtafuta mwenye kosa kabla kosa halijanitafuta mimi. Unaijua ile chupa ndogo ya mafuta ya upako ambayo shemeji alipewa na mchungaji. Kila asubuhi kabla ya kushika nyundo alijipaka tone moja kwenye paji la uso, akaomba, kisha akaweka mkono juu ya gari na kusema amina. Nilikuwa namtania kwamba hata gari la mzungu anataka liokoke. Siku ile nikaingia ofisini kwa bosi, nikamwambia kwamba shemeji analipaka gari mafuta ya kanisa.

Sikuwahi kumwona akilipaka. Niliamini nusu, na nusu ya pili ilikuwa woga tu.

Bosi hakuuliza mara mbili. Alimwita shemeji mbele yetu sote, akamwambia avue ovaroli aende zake. Shemeji akajaribu kueleza kwa Kiingereza chake kile cha kuokoteza, kwamba mafuta ni ya usoni na mikono huwa anainawa kwa sabuni. Haikusaidia. Akanifuata kwenye mlango wa chumba cha rangi, akaniuliza polepole:

"Shemeji, ni weye njo ulisema?"

"Bosi njo aliona," nikamjibu.

Akanitazama, kisha akasema, "Sawa. Mulango ya kushoto, kule chini, ikabakia kusuguliwa kidogo. Usisahau."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Niliporudi jioni kwenye chumba tulichopanga pamoja, upande wake wa pazia ulikuwa mtupu, blanketi limekunjwa, na ufunguo uko juu yake. Simu yake imezimwa. Leo ni siku ya ishirini na tatu.

Wiki moja baadaye rangi ikagoma mara ya tatu, na shemeji hayupo. Bosi akamwita mzee mmoja anayeuza rangi, mtu aliyezeekea kwenye kazi hii. Mzee hakuhangaika na gari. Alifuata mpira wa hewa hadi kwenye kompresa, mashine ya kusukuma hewa, ambayo iko kwenye kona tunapobadilishia nguo, akanusa, akanyoosha mkono kwenye rafu yangu na kushusha kopo. Ni ile dawa ya kupuliza ili nywele zing'ae. Unajua mimi na nywele zangu, Dada. Kila siku ya mazoezi ya kwaya nilijipulizia palepale, huku kompresa ikiivuta ile hewa yenye mafuta na kuipeleka mpaka kwenye pistole. Mwenzangu aliomba kwa tone moja la upako nikamfanya mchafu, na mimi nilikuwa naenda kumwimbia Mungu na kosa limenikalia kichwani, linang'aa.

Nilimwambia bosi ukweli wote, nikijua atanifukuza. Akashika kichwa.

"Eish, my brother," akasema. "Clean the pipes. We must finish."

Basi, yakaishia hapo. Tukasafisha mipira, tukabadilisha vichujio, na rangi ikashika. Gari limependeza hadi linaniumiza. Mzee wa Morningside alilizunguka mara tatu huku analia, akanishika mkono mimi, akasema hajawahi kuona ubavu ulionyooka namna ile. Nilitaka kumtajia jina la aliyeunyoosha, nikaishia kusema asante.

Bosi amesema shemeji akionekana arudi kazini. Sasa aonekane wapi? Kila nikitoka kazini nazunguka sokoni Warwick, katikati ya wasukuma mizigo, nikiangalia migongo ya watu. Mmoja aliniambia alimwona akibeba magunia ya viazi. Mwingine anasema alipanda lori la kwenda Cape Town. Nimeuliza kwenye makanisa yetu yote. Chakula hakishuki, Dada, na kwaya nimeacha, na sijui tena niende wapi.

Lakini kuna baya kuliko hilo. Uliponipigia unalia kwamba simu yake haipatikani, ukaniuliza kama amepata mwanamke, nikasema wanaume wa huku uwavumilie tu. Nilijua utakavyoelewa. Niliona heri umchukie yeye kuliko mimi. Juma lililopita ukaniandikia kwamba umeifunga namba yake isikupigie tena na umewakataza watoto kumtaja. Hakuna mwanamke, Dada, wala hajawahi kuwepo. Kuna mimi tu.

Nisalimie baba mkwe wako, Mzee Kalonda, na umsomee barua hii yote bila kuruka mahali, maana aliyepotea ni mtoto wake. Nisalimie Mama Neema jirani, anayekusaidia kuchota maji siku goti likikataa. Nisalimie wapwa zangu wote watatu, na uwaambie kwamba baba yao hakuwaacha. Kama hawataki salamu za mjomba wao, usiwalazimishe.

Sikuombi unisamehe. Nilaani utakavyo, nimestahili. Ila kabla ya hapo, sasa hivi, hata kabla hujalia, fungua namba yake. Usiku na mchana naogopa jambo moja, kwamba alishapiga.

Mdogo wako,
Selestini